Kompyuta imejaa, na daftari la madeni ya marehemu limo ndani

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri nje ya ofisi ya kamati akiwa na bintiye. Mikononi alibeba kitu kilichofungwa kwa kanga. Alipokifungua kilikuwa kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita, ya marehemu mumewe, mwalimu wa sekondari ambaye baada ya kustaafu alifungua duka la nafaka.

"Ustadh," alisema, "hii mashine imegoma. Ukiiwasha, unaweza kupika chai na kuinywa haijawaka. Sasa inasema imejaa. Fundi kaniambia nimwachie aipige Windows, kesho nije kuichukua. Nikamwuliza, na vitu vya marehemu vilivyomo? Akasema, vitakuwepo tu. Hiyo 'tu' yake, mwanangu, ndiyo iliyonirudisha nyumbani."

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilichosomea chuoni ni elimu ya dini, na kompyuta nimeizoea kwa kuandika mihtasari ya vikao na kuchapa orodha za wanafunzi wa madrasa. Lakini katika mitaa yetu anayechapa barua hudhaniwa kuwa anajua na kutengeneza, na kwa miaka kadhaa ya kudhaniwa hivyo nimelazimika kujifunza. Nililojifunza zaidi ni kuuliza kabla ya kugusa. Basi nikamwuliza mama: ndani yake mna nini?

Jibu lake lilinifanya niirudishe mashine mezani taratibu. Mlikuwa na ripoti ya utafiti ya binti, anayesoma chuo, ambayo ilipaswa kuwasilishwa baada ya wiki mbili. Mlikuwa na picha za harusi ya binti mkubwa, zile za ukumbi wa wanawake, ambazo hakuna mwanamume asiye maharimu aliyewahi kuziona. Mlikuwa na sauti za marehemu akiwasimulia wajukuu hadithi. Na mlikuwa na daftari la madeni. Marehemu, kwa tabia yake ya ualimu, hakuandika madeni ya duka katika daftari la karatasi. Aliyaweka yote katika jedwali la kompyuta: nani kachukua gunia la mchele, nani kalipa nusu, na yeye mwenyewe anadaiwa kiasi gani na wauzaji wa jumla. Mama alikuwa ametoka eda karibuni, na mirathi ilikuwa haijagawanywa. Kila msomaji wa ukurasa huu anajua kwamba deni la maiti hutolewa kabla warithi hawajapata chao, na kwamba anachodai maiti ni sehemu ya tarika yake. Ushahidi wa pande zote mbili ulikuwa katika faili moja, ndani ya mashine ambayo fundi alitaka kuipiga Windows hadi kesho.

Hapa ni lazima nieleze maana ya neno hilo, kwa sababu familia nyingi hulisikia na kuitikia bila kulielewa. Kupiga Windows ni kuuweka upya mfumo mzima unaoendesha kompyuta. Njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni kuifomati sehemu ya diski ambamo mfumo unakaa, yaani kuifuta yote. Iwapo picha zako na barua zako zimo katika sehemu hiyohiyo, nazo huondoka. Fundi mwaminifu huuliza kwanza na kunakili kwanza. Fundi mwenye haraka huona kompyuta nzito, hufuta, huweka upya, na kompyuta huwa nyepesi kweli kwa mwezi mmoja au miwili. Wewe humlipa, unashukuru, kisha jioni unatafuta picha ya mtoto.

Tuliketi watatu, nikaiwasha. Dakika tisa zilipita hadi iwe tayari kubonyezwa. Mashine yenyewe si mbaya: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 500. Kuna maelfu ya laptopu za aina hiyo nchini, nyingi zikiwa za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na Ghuba.

Jambo la kwanza nililofanya si kufuta chochote. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha linaloitwa "Task Manager" likafunguka. Dirisha hili ndilo kipimajoto cha kompyuta. Lina safu za asilimia: prosesa inatumika kiasi gani, kumbukumbu kiasi gani, diski kiasi gani. Mtu akilalamika kuwa kompyuta yake ni nzito, sharti kwanza ajue ni kiungo gani kinachoumwa, kwani dawa zake si moja. Kwa mashine ya mama, prosesa ilikuwa imepumzika kwa asilimia 6 tu. Kumbukumbu ilikuwa asilimia 78. Diski ilikuwa asilimia 100, na haikushuka hata pale tulipoiacha bila kuigusa.

Wengi huchanganya kumbukumbu na diski, na wauzaji nao huzidisha mchanganyiko huo kwa kutaja gigabaiti za vyote viwili kwa pumzi moja. Diski ni kabati: humo hukaa vitu vyako vyote hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ni meza: unachokifungua hutolewa kabatini na kuwekwa mezani. Meza ikiwa ndogo na umefungua mambo mengi, Windows huanza kuvihamishia baadhi ya vitu katika nafasi maalumu kabatini na kuvirudisha vinapohitajika. Ndiyo maana ramu ikipungua, diski nayo huhangaika. Na kabati likijaa hadi mlangoni, hata uhamishaji huo hukosa pa kufanyikia.

Ongeza hapo kwamba kabati la mashine za zamani ni la kuzunguka. Ndani ya diski ya aina hiyo mna sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na mkono mwembamba unaotafuta data juu yake kama sindano ya gramafoni. Kila kipande kidogo cha data kinapotakiwa, mkono husogea, kisha husubiri sahani ifike. Kwa vipande vilivyotawanyika huku na huko, diski hiyo haiwezi kuvifikia hata mia kwa sekunde moja. Windows inapowaka huomba vipande maelfu. Hizo ndizo dakika tisa za mama.

Lakini asilimia 100 isiyoshuka ilinitia wasiwasi wa namna nyingine. Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo husoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe hujiwekea. Huonyesha rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Yetu ilikuja njano. Takwimu mbili ndizo za kutazamwa: idadi ya vipande vya diski vilivyokwisha kuharibika na nafasi yake kuchukuliwa na vya akiba, na idadi ya vile vinavyoshukiwa na kusubiri hukumu. Zote mbili zilikuwa juu ya sifuri. Kwa maneno mengine, mashine haikuwa nzito kwa sababu ya kujaa tu. Diski ilikuwa inakufa, na kila ilipokutana na kipande kibovu ilijaribu kukisoma tena na tena, na sisi nje tukasema "imeganda".

Nikamgeukia binti. "Dada, una diski ya nje?" Hakuwa nayo. Kesho yake alinunua, na tulipokutana tena tulianza kazi ambayo nataka kila familia iijue kwa mpangilio wake, maana mpangilio ndio uliookoa mambo.

Diski inayokufa hainakiliwi yote kwa mkupuo, kuanzia juu hadi chini. Huenda ikafia njiani ikiwa imekwisha kutoa filamu na haijatoa wasia. Tulianza na kidogo chenye thamani kubwa. Faili la madeni lilikuwa na kilobaiti 86 tu. Lilipita kwa kufumba na kufumbua. Tulilinakili katika diski ya nje, tukalituma kwa baruapepe ya binti, kisha nikalichapa karatasi nne palepale ofisini, mama akazikunja na kuzitia mkobani. Ikafuata ripoti ya utafiti. Kisha picha, gigabaiti 11, ambazo zilichukua zaidi ya saa mbili. Sauti za marehemu zikafuata. Mbili kati ya hizo ziligoma. Tuliizima mashine ikapoa, tukajaribu tena, moja ikakubali. Ya pili hadi leo haijafunguka.

Katika hatua hiyo sikuendesha programu yoyote ya kurekebisha diski, wala ya kupanga upya vipande vyake. Zana hizo huilazimisha diski kufanya kazi nzito kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa huweza kukata roho katikati ya matibabu. Nakala kwanza, matengenezo baadaye. Na msomaji ambaye kompyuta yake haiwaki kabisa asikate tamaa mapema: mara nyingi kilichoharibika ni mfumo tu au kiungo kingine, ilhali diski ni nzima. Huchomolewa, ikaunganishwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya maalumu wa USB, na mafaili yakaonekana yalivyo.

Sasa nieleze kilichoijaza, kwa sababu hapa wasomaji wengi watajiona. Nilipofungua orodha ya diski nilikuta sehemu mbili, C na D. C ilikuwa na ukubwa wa gigabaiti 97.6, nayo imejaa kabisa. D ilikuwa na gigabaiti 367, na karibu yote ilikuwa tupu. Kompyuta iliyokuwa ikilia kwamba imejaa ilikuwa na nafasi mara tatu na zaidi ya ile iliyojaa, ila katika chumba cha pili. Mafundi wetu wana mazoea ya kuigawa diski namna hii, na lengo lao ni jema: Windows ikae C, vitu vya mwenye mali vikae D, ili siku ya kupiga Windows ifutwe C peke yake. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwambia mwenye mali. Kwa kawaida kila unachopakua na kila unachohifadhi huenda C, na D hubaki kama chumba cha wageni kisichofunguliwa.

(Aliyeuliza kwa nini diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonyesha 465 tu hajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Kipimo ni kilekile, vibaba ndivyo tofauti.)

Lau diski ya mama ingekuwa nzima, ningefanya yafuatayo, na ndiyo ninayowashauri wenye diski za buluu. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Storage". Utaonyeshwa kilichochukua nafasi, kikubwa kwa kidogo. Kwake folda ya "Downloads" peke yake ilikuwa na gigabaiti 31. Humo mlikuwa na video za WhatsApp zilizopakuliwa, katuni za wajukuu, na kitini kimoja cha chuo kilichopakuliwa mara tano, kila nakala na namba yake mwishoni. Vitu vya aina hii huhamishiwa D au kufutwa. Ukivifuta, kumbuka kulimwaga na pipa la taka la kompyuta. Kabla ya hapo hujapata nafasi hata ya picha moja.

Katika ukurasa huohuo kuna kipengele cha "Temporary files", yaani mafaili ya muda: masalia ya masasisho, makapi ya programu, na wakati mwingine mfumo mzima wa zamani ulioachwa pembeni baada ya Windows mpya kuwekwa juu yake. Hayo yanafutika bila hofu, isipokuwa kwa tahadhari moja. Katika orodha hiyohiyo ya visanduku vya kutia alama, Windows imeweka na "Downloads". Mtu aliyezoea kutia alama kila kisanduku ili apate nafasi kubwa hujikuta ameifuta hati ya kiwanja aliyoipakua kwenye baruapepe. Soma kila mstari kabla ya kubonyeza.

Kisha hamisha makazi. Folda za picha, nyaraka na video zinaweza kuhamishwa kutoka C kwenda D moja kwa moja: bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", halafu "Location", uelekeze D. Tangu hapo kila kitakachohifadhiwa humo kitakwenda D chenyewe. Ni kazi ya dakika kumi, na kwa familia nyingi huondoa haja ya kununua chochote. Lengo liwe kuiacha C ikiwa na nafasi tupu ya asilimia 15 hadi 20.

Programu zinazojiwasha zenyewe nazo zina lawama yao. Katika "Task Manager" kuna ukurasa wa "Startup". Humo utazikuta programu za mikutano, za muziki, za printa uliyokwisha kuiuza, zote zikisubiri mashine iwake ili zikimbilie mlangoni pamoja. Zizime, hazitafutika, zitawaka siku utakapoziita. Kizuia virusi kimoja kinatosha, na kile kinachokuja na Windows chatosha kwa matumizi ya nyumbani. Nimekuta mashine yenye vizuia virusi vitatu, kimoja kikiwa cha kuvunjwa kufuli, kila kimoja kikimshuku mwenzake. Ama hizo programu zinazotangazwa kwamba zitaongeza kasi ya kompyuta yako mara kadhaa kwa kubonyeza mara moja, mimi sijaona iliyofanya jema ambalo Windows yenyewe haiwezi, na nimeona zilizokuja na wadudu. Wala usiingie folda ya Windows au ya "Program Files" ukafuta kwa mkono eti kwa kuwa kubwa. Programu usiyoihitaji huondolewa kwa mlango wake, kupitia "Settings" na "Apps".

Baadhi ya vijana hupendekeza kuifuta hifadhi ya usingizi wa kompyuta, faili linaloitwa hiberfil. Kwa ramu ya gigabaiti 4 faili hilo huchukua kama gigabaiti 1.6, na ukiliondoa unapoteza pia uwezo wa kuwaka haraka. Kwenye diski ya kuzunguka hiyo ni biashara ya hasara.

Haya yote hayakumfaa mama yetu, kwa kuwa kabati lake lilikuwa linaoza. Tulikwenda na binti na mjomba wake Kariakoo, tukanunua diski ya aina ya SSD, gigabaiti 240. Diski hii haina sahani wala mkono. Data huhifadhiwa katika chipu, na vipande vidogo vilivyotawanyika hufikiwa kwa maelfu mengi kwa sekunde badala ya makumi. Ndiyo dawa moja ambayo, kwa laptopu ya miaka kumi, huleta tofauti ambayo hata mtoto huiona. Anayeinunua kwa mashine ya rika hilo aangalie iwe ya inchi 2.5 na ya kiunganishi cha SATA, maana ziko nyembamba kama ubao wa pipi ambazo hazitaingia. Tuliongeza na ramu ya gigabaiti 4, ya mtumba. Hapo pia pana mtego: mashine za kizazi kile hutumia ramu ya DDR3L, na kibandiko chake huandikwa PC3L, ile L ina maana yake, inatumia umeme mdogo zaidi. Gharama ya vyote viwili haikufika robo ya bei ya laptopu mpya ya kawaida tuliyooneshwa dukani hapohapo. Niliwaambia wauzaji wawili kwamba nimekuja kuiponya ya zamani, na wote wawili walinihurumia.

Ila si kila mashine ya kuponywa. Ikiwa bawaba zimevunjika, betri imevimba, kioo kina mistari na prosesa ni ile dhaifu iliyokuwa dhaifu tangu siku ya kwanza, SSD ni kumtia mgonjwa nguo mpya. Betri iliyovimba, hasa, isingojewe. Itolewe, kwani inaweza kuwaka moto. Na ikiwa mashine inaanza vizuri kisha inakuwa nzito baada ya nusu saa huku feni ikipiga kelele, shaka ya kwanza iwe vumbi na joto, hata kabla ya diski. Kuifungua, kuipuliza na kuipaka upya grisi ya kupozea prosesa ni kazi ndogo kwa fundi.

Lilibaki suala la mfumo. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo haipati masasisho ya usalama, ila kwa watu binafsi waliojiandikisha kuongezewa muda, ambao unakoma Oktoba 2026. Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, rasmi huanzia kizazi cha nane. Mashine ya marehemu ni ya kizazi cha nne. Wako mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma, na huwaka. Lakini mtengenezaji hakuahidi chochote kwa mashine hizo, nami sipendi kumwachia mjane ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Njia ya pili ni Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, na ambao leo una matoleo yanayofaa mashine za zamani, kama Linux Mint. Ni halali kuunakili na kumpa jirani, jambo ambalo kwa Windows ya kuvunjwa kufuli hatuwezi kulisema, ingawa tumezoea kulifumbia macho. Huja na LibreOffice, inayoandika barua na majedwali. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hata hivyo sikumshauri binti ahamie Linux wiki ile. Ripoti yake iliandikwa kwa Word, yenye majedwali na yaliyomo. Ukiifungua kwa programu nyingine kurasa huweza kuhama, na wasimamizi wa vyuo si watu wa kuelezwa habari za kurasa kuhama. Tulikubaliana aiwasilishe kwanza, kisha Mint iwekwe wakati wa likizo. Kwa muda huo tuliweka Windows 10 na kuiandikisha.

Nimelichelewesha jambo la fundi makusudi, kwa sababu naliona zito kuliko gigabaiti. Tunawahifadhi wake na mabinti zetu katika mavazi na katika kuta za nyumba, kisha tunachukua diski yenye picha zao za ukumbini, za nyumbani, za siku ya hina, tunamkabidhi kijana tusiyemjua na kumwachia usiku kucha. Sisemi mafundi ni wabaya. Wengi ni watu wa heshima. Nasema amana hii tunaitoa bila hata kuitaja. Kwa kazi nyingi, kama kioo, kibodi, feni, betri na tundu la chaji, fundi hahitaji diski yako hata kidogo. Katika laptopu nyingi za zamani diski hutoka kwa skrubu chache. Mwambie aitoe mbele yako, uiweke mfukoni, umwachie mashine. Kama kazi ni ya diski yenyewe, keti naye hadi imalizike.

Wala usidhani kufuta kunatosha. Ukifuta picha na kumwaga pipa, kompyuta huondoa jina la faili katika orodha tu. Maudhui hubaki hadi yaandikiwe juu, na zipo programu nyingi za kuyarudisha. Hivyo laptopu ya kuuzwa iuzwe bila diski, au diski ifutwe kwa zana inayoandika juu ya kila kipande. Nayo diski mbovu isiachwe dukani kama chakavu. Fundi aliyetufungia SSD aliuliza kwa upole kama tunaihitaji ile ya zamani. Mama hakuwepo, lakini mjomba alishaagizwa. Aliifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni bila kujibu.

Mashine sasa huwaka chini ya nusu dakika. Binti amewasilisha ripoti. Zile karatasi nne zilisomwa mbele ya warithi, jina kwa jina. Wadaiwa watatu walikuja wenyewe kulipa kabla hawajaitwa. Mmoja alikana, na shauri lake linaendelea kwa wazee. Muuzaji wa jumla aliyekuwa akimdai marehemu alilipwa kwanza, kama inavyopasa. Diski ya zamani ipo sandukuni kwa mama, kwa ajili ya ile sauti moja. Nimemweleza kwamba wapo wataalamu wanaoweza kuifungua diski ya namna hiyo, kwamba ni ghali, na kwamba kadiri inavyokaa bila kuwashwa ndivyo bora.

Nilimfundisha binti kuweka nakala mbili: moja katika diski ya nje inayokaa nyumbani kwa mjomba, si juu ya kabati lilelile la kompyuta, na nyingine ya vile vidogo muhimu katika akaunti yake ya Google, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Flashi haimo katika hesabu. Ni chombo cha kubebea, na hupotea na kufa bila taarifa. Alikuwa akiandika kila neno. Alipomaliza aliniuliza, kwa adabu kabisa, nakala za msikiti zinakaa wapi.

Usiku ule nilifungua "Storage" ya kompyuta ya ofisi. C ilikuwa na gigabaiti 2 zilizobaki, na mihtasari ya miaka mitatu, hesabu za michango ya maziko na orodha yote ya madrasa vilikuwa humo na si kwingine. Jumamosi niliomba idhini ya mweka hazina, nikaenda kununua diski ya nje.